Ukuta Alioukosea Emrys

Asubuhi niliyoipata kazi hii sikuwa nimetoka kutafuta kazi. Nilikuwa nimemaliza zamu ya usiku kwenye ghala moja la Eagan, ambako kwa mwaka na zaidi nilibandika anwani kwenye maboksi, na badala ya kushika barabara ya kurudi Coon Rapids nikaendelea tu kuendesha gari. Sikuwa na mpango. Nimekuwa hivyo tangu utoto. Niliacha shule darasa la sita kule Pangani, si kwa kukosa ada wala kwa ugonjwa, ila nilichoka kuambiwa nitazame ubaoni wakati dirishani kulikuwa na mambo. Baada ya hapo nilikaa Tanga, Mombasa, Nairobi na Arusha, kila mahali kwa muda wa kuchakaza jozi moja ya viatu. Bahati nasibu ya viza ikanileta Minnesota, na hata huku nilikuwa nimeshahama vyumba vinne.

Katikati ya Saint Paul taa nyekundu ilinisimamisha kando ya kanisa la mawe lililozungushiwa jukwaa la mafundi. Dirisha la gari lilikuwa wazi, na ikaniingia harufu ambayo sikuwa nimeinusa kwa miaka mingi: chokaa mbichi. Mjomba wangu alikuwa akichoma matumbawe kwa magogo ya mnazi, na kazi yangu ya utotoni ilikuwa kuyamwagia maji mawe yaliyoiva, kisha kukimbia yanapoanza kuchemka. Nikaegesha. Juu ya jukwaa alikuwapo mzee mwembamba mwenye kofia ya sufu, ingawa ilikuwa Juni.

"Hiyo chokaa mmeiloweka muda gani?" nikamuuliza kutoka chini.

"Miezi mitatu. Kwa nini?"

"Kwetu tungesema bado mtoto."

Akateremka polepole, ngazi moja baada ya nyingine, akanisogezea ndoo. "Tia mkono."

Nikatia. Nikamwambia ina punje ambazo hazijaiva. Akazitafuta kwa vidole vyake, akazipata, akatukana kwa lugha ambayo haikuwa Kiingereza. Baadaye nilijua kuwa ni Kiwelisi, na kwamba mzee mwenyewe anaitwa Emrys na amezaliwa Wales, ile nchi ndogo ya milima iliyo magharibi ya Uingereza. Kesho yake saa moja asubuhi nilikuwa pale kanisani na glavu za kuazima. Kule ghalani sikuaga, na nachukua nafasi hii kuwaomba radhi kwa kuchelewa.

Nayaandika haya kwa sababu ya Mashauri. Mashauri alitoka Uvira, alianza kwetu kwa kubeba ndoo, na leo ndiye anayewasimamia nyinyi mafundi wapya. Siku nilipomwambia kuwa magoti yangu yameomba kustaafu, alikaa juu ya mfuko wa mchanga akasema, "Mama Rehema, andika. Bale bapya, ukibaacha peke yabo, banakimbilia simenti. Hii akili yote utaenda nayo wapi?" Basi someni. Habari za mishahara na vyeo sitaandika, kwani vyeo vyangu vilikuwa vichache na mishahara mnaijua.

Wiki tatu za kwanza sikushika mwiko. Emrys alinipa tindo nyembamba na nyundo ndogo, akaniambia nichokoe chokaa iliyooza katika kila jointi, yaani ile nafasi kati ya jiwe na jiwe, mpaka kina kiwe mara mbili ya upana. Mashine ya kukata ilikuwepo kwenye gari. Alisema mashine haijui jiwe linaanzia wapi. Kila jioni alipitisha kidole katika kazi yangu yote, kama mama anayekagua masikio ya mtoto, na alipokuta nimelikwangua jiwe aliweka tu alama ya chaki. Siku ya kwanza ukuta wangu ulionekana una tetekuwanga.

Somo lake kubwa lilikuwa moja, nami nalirudia kama alivyolisema. Maji yataingia ukutani utake usitake, kwa hiyo usiulize utayazuiaje, uliza yatatokea wapi. Jointi ikiwa laini kuliko jiwe, maji hutokea kwenye jointi, na jointi ndiyo inayochakaa. Jointi ikiwa ngumu, maji hutokea kwenye jiwe, na jiwe ndilo linalokufa. "Jointi nitakupa nyingine," alikuwa akisema. "Jiwe nitalitoa wapi?" Ndiyo maana tunatumia chokaa, na ndiyo maana mkiniona na mfuko wa saruji karibu na jengo la zamani mjue nimeingiwa na kichaa.

Kosa langu kubwa nililifanya Oktoba ya mwaka ule. Kwetu pwani, kabla ya kutia chokaa unaunywesha ukuta maji hadi ushibe, maana jua litazinyonya jointi na zitakuwa vumbi. Nami nilikuwa na kiburi kidogo cha mtu aliyekulia kwenye chokaa. Emrys alikuwa kwa daktari siku tatu, nikaachiwa upande wa kaskazini. Niliunywesha ukuta ule kama ng'ombe wa masika, nikaujaza vizuri, nikausugua, nikautazama, nikajipenda. Asubuhi ya nne nilikuta jalidi, umande ulioganda, kwenye kioo cha gari. Nilipofika kanisani, kazi yangu yote ya siku tatu ilikuwa chini ya jukwaa, vipande vipande kama biskuti. Maji niliyoyatia yalikuwa yameganda, yakavimba, yakaisukuma chokaa nje.

Emrys alirudi akanikuta nafagia. Alichukua ufagio wa pili.

"Magunia ya kufunikia ukuta usiku yalikuwa wapi?" akauliza.

"Garini."

"Garini kulikuwa na baridi?"

Tulifagia mpaka mwisho. Kisha akamimina chai kutoka kwenye chupa yake, akaketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, akasema jambo ambalo, zaidi ya ombi la Mashauri, ndilo lililonifanya niandike yote haya.

"Wewe una bahati. Kosa lako limeanguka. Langu bado limesimama."

Alikuwa na miaka kumi na tisa alipopewa kazi ya kiangazi katika magofu ya abasia, makao ya watawa wa zamani, kwenye bonde moja la Wales. Jina lake silitaji. Msimamizi aliwapa saruji, kitu cha kisasa, cha kudumu. Emrys alipewa pembe ya ukuta ambapo jiwe moja lilichongwa uso wa mtu, mkubwa kama ngumi mbili, na watu wa pale hawakujua ni wa nani. Aliuzungushia saruji ngumu kwa ustadi, akasifiwa. Mchana alikula mkate chini ya uso ule, na kwa kuwa hakuwa na rafiki, aliuhadithia habari za msichana mmoja wa duka la mikate. Msichana huyo, Mair, alikuja kuwa mke wake, naye ndiye aliyemleta Minnesota, kwa dada yake aliyetangulia. Nilipomfahamu Emrys, mkewe alikuwa amekwisha fariki.

"Miaka kumi baadaye ndipo nilipojifunza chokaa," akasema, "na nikajua nilimfanyia nini yule bwana wa jiwe. Sikurudi kutazama." Akamwaga chai iliyobaki. "Yeye tu ndiye aliyebaki anayetujua sote wawili, mimi na Mair, wa siku zile."

Baada ya hapo hakuligusa jambo hilo kwa miaka.

Mnajua jinsi kazi yetu inavyolala baridi ikija. Chokaa haifanyi kazi kwenye barafu, tunasimamishwa hadi Aprili, na kila mtu anatafuta la kufanya. Wenzetu Wakenya wengi walikuwa na zamu zao hospitalini na kwenye nyumba za wazee, wengine waliendesha magari ya kusukuma theluji. Mimi nikikaa mahali pamoja zaidi ya miezi minane miguu huniwasha. Februari ya kwanza nilimuuliza Emrys niende wapi. Akachukua mfuko wa karatasi wa duka, akaupasua, akanichorea Wales.

Nilikwenda majira tisa ya baridi. Wakati wa baridi hakuna watalii kule, mvua inaanguka kwa ubavu, na mwenye tiketi langoni anafurahi kuona mtu hai. Picha Emrys hakuzitaka. "Nani hajui ngome ikoje? Niambie vidole vyako vimeona nini." Kwa hiyo niligusa Wales nzima.

Kule Conwy, ngome kubwa iliyo mdomoni mwa mto, nilizunguka minara nikaona matundu yaliyopanda kwa mshazari kama ngazi ya konokono. Ni matundu ya magogo ya jukwaa. Mafundi wale hawakupanda ngazi na mizigo, walitengeneza njia ya kuzunguka mnara wakatembea nayo hadi juu. Nilisimama pale nikahesabu hatua zao huku maji yakinitiririka shingoni. Kisha nikaona sehemu chache ukutani, ndogo kama kiganja, bado zina weupe. Nikapitisha kidole kikatoka na unga. Ngome ile tunayoijua ya kijivu ilikuwa imepakwa chokaa, nyeupe yote, kama nyumba za ufukweni kule Pangani. Nilicheka peke yangu hadi mlinzi akaja kuuliza kama niko salama.

Kule Carreg Cennen ngome imekaa ukingoni mwa genge, na chini yake kuna njia nyembamba inayoingia pangoni. Niliingia na tochi, nikafika mwisho, nikaizima kidogo, nikasikia tone la maji likianguka mahali nisipopaona. Lakini nililomletea Emrys halikuwa pango. Karibu na genge lile kuna matanuri ya zamani ya kuchomea chokaa. Nilitia kichwa kwenye mdomo wa moja. Ndani kulikuwa na moshi wa kale umeganda kwenye mawe, na nikaikumbuka sauti ya mjomba akiniambia nirudi nyuma.

Na kuna Pentre Ifan, ambako nawaomba kila mmoja wenu afike kabla magoti hayajawaishia. Si ngome. Ni kaburi la watu walioishi kabla ya mtu yeyote kuandika jina la mtu mwingine. Jiwe moja, kubwa kuliko gari letu la kazi, limekalia ncha za mawe matatu. Limekalia ncha kabisa, upana wa vidole. Hakuna chokaa, hakuna saruji, hakuna jointi. Nilipita chini yake nikiwa nimeinama, fundi wa miaka minane, nikajiona mwanafunzi wa darasa la sita.

"Walifanyaje?" nilimuuliza Emrys niliporudi.

"Hawakuwa na haraka," akasema.

Alikuwa amestaafu wakati huo. Alikaa kwenye apatimenti ya ghorofa ya kwanza kule Eagan, mita chache kutoka ghala nililolikimbia, na bomba la hewa ya oksijeni lilimfuata chumbani. Nilikuwa namletea maandazi, yeye alipika chai ya rangi ya matope, nami nilitia tangawizi yangu akijifanya haoni. Tulitandaza mifuko yote ya karatasi aliyonichorea. Siku moja nililiona jambo. Safari zote tisa zilizunguka bonde moja, kushoto, kulia, juu na chini. Hakuna njia hata moja iliyoingia.

Nikaweka kidole pale katikati. "Mzee, hapa pana nini?" Neno hilo, mzee, lilimpendeza tangu nilipomweleza maana yake.

Mashine ya hewa ikapumua kwa niaba yake.

"Nenda," akasema mwishowe. "Nataka kujua kabla sijaenda mimi. Lakini usinidanganye, Rehema. Nitajua."

Nilifika abasia ile Januari, asubuhi ya ukungu. Basi liliniacha kwenye daraja la kijijini, nikatembea. Upinde mmoja umesimama, kuta mbili, na nyasi. Pembe ya Emrys niliitambua kwa mbali, kwa sababu kazi ilikuwa nzuri. Saruji yake ilikuwa imesimama yote, haina ufa, kama masega ya nyuki. Ila masega yalikuwa matupu. Mawe yalikuwa yamerudi nyuma, mengine kwa kina cha kiganja, na nilipoyagusa yalitoka kama sukari. Uso ulikuwa kwenye kishimo chake. Pua haikuwepo. Macho hayakuwepo, wala mdomo. Nilipitisha vidole polepole sana pembeni, upande usiopigwa na mvua, nikakuta mkunjo. Lilikuwa sikio. Sikio moja la kushoto, zima, na ncha yake ya chini.

Nilikaa pale chini, mahali alipokula mkate.

Dukani kijijini walikuwa na sanduku la kadi za zamani, na moja ilikuwa na ule uso, umepigwa picha kabla ya saruji. Pua nene, macho ya usingizi, mdomo wa mtu anayetaka kucheka kanisani. Niliinunua. Njia nzima, kwenye treni na kwenye ndege, nilikuwa nayo mfukoni nikiyapanga maneno: nimemwona, ni mzima, hii hapa picha yake. Mzee mgonjwa, macho mabovu, nani angemwambia vingine? Nilipotua Minneapolis nilikuwa nimeshaamua kudanganya.

Alinifungulia mlango mwenyewe. Hakunisalimu. Alichukua mkono wangu wa kulia akautazama kwenye kucha, ambako vumbi la jiwe lile lilikuwa bado limejificha.

"Sema."

Maneno niliyoyapanga yakanipotea. "Saruji yako ipo."

"Yote?"

"Yote. Kazi safi."

"Na mawe?"

"Yamerudi ndani."

Akakaa. "Na yeye?"

"Uso umekwenda, mzee. Limebaki sikio. La kushoto."

Nilitazama kikombe chake cha chai mezani. Nilisikia mashine ikivuta, ikitoa, ikivuta. Kisha nikasikia sauti nyingine, nikadhani analia, na nilipoinua macho niliona ni kicheko, kile cha mtu asiye na pumzi za kutosha kucheka.

"Basi hilo ndilo nililokuwa nalitumia," akasema. "Pua yake sikuwa na haja nayo."

Nikampa kadi, na nikamwambia nilitaka kuifanyia nini. Akaiegemeza kwenye kikombe akaitazama muda mrefu. "Nani anaitoa ile saruji?" akauliza.

"Hakuna."

"Leta kalamu."

Barua niliiandika mimi, maneno ni yake, na ilituchukua wiki nzima kwa sababu alipumzika baada ya kila sentensi. Ilikwenda kwa watu wanaotunza magofu ya bonde lile. Ilisema nani alitia saruji, mwaka gani, kwa mchanganyiko upi na kwa kina gani, na kwamba upande wa sikio saruji ni nyembamba zaidi kwa sababu siku ile alikuwa na haraka ya kwenda duka la mikate. Akaomba ifanywe mapema. Mwisho akasema kuwa yupo fundi Saint Paul anayeweza kuchokoa jointi bila kugusa jiwe, na kwamba alimfundisha mwenyewe. Niligoma kuandika sentensi hiyo. Akasema basi atatafuta mwandishi mwingine.

Emrys alifariki Machi. Jibu lilikuja Mei. Ukuta ulikuwa kwenye orodha yao, waliandika, lakini hakuna aliyekuwa anajua kilichomo ndani, na barua imewaondolea kubahatisha. Fundi wao angeanza majira ya kuchipua yanayofuata. Mimi ningekaribishwa kwa wiki sita, chini yake, kwa ile pembe tu. Niliibeba barua hiyo hadi pale tulipoyamwaga majivu yake, kando ya mto, nikaisoma kwa sauti. Bata walikuwepo.

Nilimaliza msimu wangu wa mwisho nanyi, nikarudisha glavu. Mashauri alinipeleka uwanja wa ndege kwa gari la kazi. Alinyanyua begi langu, akayumba, akafungua zipu akaona tindo zote za Emrys zimefungwa kwenye kanga.

"Mama, hii ni retraite gani?" akasema; kwao ndivyo wanavyoita kustaafu. Kisha, akiwa ameshaniaga na ameshageuka, akarudi. "Kule kuko baridi. Usimwange maji mingi. Tunakujua."

Kwa hiyo hadithi ile ya Oktoba mnayo wote, na mimi nilidhani ni siri.

Nimefika jana, alasiri. Basi limeniacha darajani kama siku ile, lakini safari hii nilikuwa na mzigo, na sikuwa nimetafuta mahali pa kulala. Mlango wa tatu nilioubisha ulikuwa na kibao dirishani kinachosema kuna chumba. Mama wa makamo alifungua, na mbwa mzee nyuma yake. Aliniuliza nitakaa siku ngapi, nikamwambia wiki sita, na kama ukuta ni mkaidi, zaidi. Hakuuliza ukuta gani. Alinipandisha ghorofani, akasukuma mlango wa chumba chenye kitanda chembamba, meza, na dirisha dogo. Nilisogea dirishani. Juu ya mabati ya banda la jirani niliuona upinde, na pembe yetu kando yake.

"Usiku huu kutakuwa na jalidi," akasema mwenye nyumba. "Nikuongezee blanketi?"

"Nitashukuru. Na kama una yale ya zamani usiyoyahitaji, hata yenye matundu, naomba yote."

Alikitazama kitanda, akanitazama mimi. "Yote? Utayaweka wapi?"

"Ukutani," nikasema. "Kesho naanza."